Risala ya kikundi cha mafundi wanawake kwa mgeni rasmi, Machi 8, Dodoma

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa mtaa, mama zetu wa kwaya, na waume zetu mliokubali kuja (tunawaona huko nyuma chini ya mwarobaini, sogeeni mbele jamani viti vipo), Mbukwenyi!

Mheshimiwa, risala huwa zinaanza na historia ya kikundi, tulianza lini, tuko wangapi, benki kuna nini, hayo yote yapo kwenye karatasi uliyowekewa hapo mezani, na hiyo ya benki kwa kweli haifai kusomwa kwenye spika. Mimi wenzangu wamenituma niongee jambo moja tu. Jambo la elfu tano.

Mwaka juzi tulikuwa wanawake wanne wa kikundi hiki tunafanya kibarua kwenye saiti moja upande wa Mtumba, ghorofa linapanda, na siku hiyo ilikuwa ya kumwaga zege la slabu. Aliyewahi kumwaga slabu anajua, hakuna kupumzika, mnajipanga kwenye ngazi za mbao toka chini mpaka juu, ndoo zinapanda, tupu zinarushwa chini, ukisimama wewe wamesimama wote na zege linaganda. Tulianza saa 12 asubuhi tukamaliza taa zimewashwa. Mimi nilikuwa ngazi ya tatu, chini yangu kijana wa kiume, juu yangu kijana wa kiume, ndoo inatoka kwa huyu inapita kwangu inaenda kwa yule, ndoo ileile, haikupungua hata kijiko ilipofika mikononi mwangu. Jioni nyapara akaanza kuita majina. Vijana elfu 20, sisi elfu 15. Nikamuuliza vipi tena, akacheka, akasema "mama, wewe si una mume?" Mwenzangu akadakia, mimi sina, basi niongezee hiyo elfu tano ya mume nisiye naye. Saiti nzima ilicheka, hela haikuongezwa.

Sasa tulipokuwa tunaandaa siku ya leo tukamwomba binti wa katibu wetu, anasoma chuo hapa hapa Dodoma, atutafutie hii Machi 8, Siku ya Wanawake, imetoka wapi, maana kila mwaka tunashona vitenge vya sare tunakula pilau tunarudi nyumbani. Kumbe chimbuko lake ni mgomo! Mwaka 1917, vita kuu ya kwanza, waume wako vitani, wanawake wa viwanda vya nguo kule Petrograd, Urusi, wakaacha mashine wakaingia barabarani kudai mkate. Haikupita hata wiki mbili mfalme wao akaachia kiti.

Halafu akatusomea ya London, 1918, hapo ndo nilishika kiuno. Wanaume wamepelekwa vitani, kwa hiyo wanawake ndo wanakata tiketi kwenye mabasi na tramu, wanafanya kazi ileile kwa masaa yaleyale, kisha wanaume waliobaki wanaongezewa posho ya vita, shilingi tano kwa wiki, wanawake hawapewi. Shilingi tano Mheshimiwa! Nikamwambia binti rudia hapo. Agosti ile wakagoma, mabasi yakalala, na ile posho wakapewa. Lakini vita ikaisha, wanaume wakarudi, na mwaka 1919 ikapitishwa kabisa sheria ya kurudisha mambo ya kazi kama yalivyokuwa kabla ya vita. Wengi wakaambiwa asanteni, nendeni nyumbani, yaani juzi ulikuwa mchapakazi leo mikono yako imelegea ghafla.

Vita ya pili ilipokuja wakaitwa tena, na safari hii kwa lazima, sheria ya Desemba 1941 iliwachukua wanawake wasioolewa wa miaka 20 mpaka 30. Na Machi 1944, vita bado inapigwa, bunge la Uingereza likapiga kura walimu wanawake walipwe sawa na wanaume, ikapita kwa kura 117 kwa 116, kura moja! Churchill, waziri mkuu, hakukubali, akalifanya suala la imani kwa serikali yake, wabunge wakapiga upya ndani ya siku chache na ile haki ikafutwa. Mimi huyo Churchill nilikuwa namsikia kwa mazuri tu. Sheria ya malipo sawa kule ilikuja kupitishwa 1970 na kuanza kazi 1975, hesabu mwenyewe miaka mingapi tangu yale mabasi.

Na tusidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Vita ile ya kwanza ilipita hapa hapa Ugogo, Wajerumani wakachukua ng'ombe na nafaka, Waingereza wakaja nao wakachukua, wanaume wakabebeshwa mizigo ya jeshi, kisha mvua ikagoma, ikaja njaa ya Mtunya ambayo wazee wetu wakiitaja hata leo wanashusha sauti. Mpagazi angalau alikuwa na mshahara kwenye karatasi, hata kama wengi hawakurudi kuuchukua. Aliyebaki na jembe na watoto, daftari lake liko wapi?

Kwetu sheria ipo Mheshimiwa, hilo tunashukuru. Nchi iliridhia mkataba wa kimataifa wa malipo sawa mwaka 2002, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi na inamtaka mwajiri alipe sawa kazi yenye thamani sawa. Shida ni kwamba nyapara wetu hajaisoma na sisi siku ile tulikuwa hatuijui, na kibarua hana mkataba wa kumwonyesha mtu, jina liko kwenye kidaftari cha nyapara na kidaftari kiko mfukoni mwake.

Kwa hiyo tunaomba, saiti zinazojengwa kwa hela ya serikali, mkaguzi akija kupima nondo aombe na hicho kidaftari. Aangalie pia kama kuna choo cha wanawake, maana sisi tulikuwa tunavuka barabara kuomba kwa mama ntilie, na ovaroli tulizopewa miguu inaburuta, ukipanda ngazi unajikanyaga. Na kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, ambayo 4 ni ya wanawake, tunaandika ombi la mashine ya pili ya kuchomelea, hii moja tunapokezana mpaka inachemka. Tukiwa na mashine tunachukua kazi ya mageti na madirisha wenyewe na hatumsubiri nyapara aite majina.

Mwisho, hicho kiti ulichokalia Mheshimiwa tumekichomelea sisi, ni zawadi yako, utaondoka nacho. Kama kinacheza kidogo ni sakafu haijanyooka, sio kiti.

Naomba kuwasilisha.