Daftari ulilolisahau chini ya mto

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako ya jana kwenye simu niliiitikia haraka haraka, kwa sababu nilikuwa na jambo moyoni. Jambo lenyewe ndilo hili.

Daftari lako la saikolojia ulilisahau chini ya mto. Nimelitia kwenye kiroba pamoja na maparachichi na kichane cha ndizi, kesho alfajiri nakwenda stendi kumkabidhi kondakta wa basi la Dar. Lakini kabla ya kulifunga nililifungua. Nisamehe. Nimesahihisha madaftari miaka 28, mkono unaniwasha nikiliona. Kwenye ukurasa wa Bowlby, yule daktari Mwingereza aliyeandika kuhusu mtoto anayetenganishwa na mama yake, pembeni umeandika kwa kalamu nyekundu: "Mimi. Tabora." Ukapiga mstari mara mbili.

Niliketi nalo kitandani kwako mpaka maharage yakaungua jikoni.

Ni kweli. Ulikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili nilipokuacha Marangu kwa Bibi, nikaenda Tabora kusoma diploma ya ualimu. Miaka miwili, nikirudi likizo tu. Sitajitetea kwa mshahara wa mwalimu wa cheti, ingawa ulikuwa mdogo wa kutia aibu. Ninachotaka ni kusoma ukurasa huo pamoja nawe, kwa sababu nadhani umeusoma nusu.

Ripoti ya Bowlby kwa Shirika la Afya Duniani, ile ya 1951, ilihusu hasa watoto wasio na makao baada ya vita kuu, waliotolewa kwao wakawekwa kwenye vituo na mahospitali. Leo mlezi huyu, kesho yule wa zamu. Na alichosema mtoto anahitaji ni uhusiano wa karibu, wenye upendo na usiokatika na mama yake, au na mtu wa kudumu anayeshika nafasi ya mama. Hicho kipande cha mwisho hukukinakili. Wewe hukupelekwa kituoni, mama. Ulipelekwa kwa mtu aliyekuogesha tangu kitovu hakijadondoka.

Ukurasa wa pili kuna Mary Ainsworth, mtafiti wa mambo hayo hayo, na umempa mistari mitatu: kile chumba cha Baltimore, Marekani, ambamo mama anatoka, mgeni anabaki, mama anarudi, na watafiti wanaangalia mtoto anavyompokea. Kama ningekuwa nasahihisha ningeweka alama ya kuuliza hapo, maana kabla ya Baltimore Ainsworth alikuwa jirani yetu. Alifika Uganda mwaka 1954 akimfuata mumewe aliyepata kazi Kampala. Akachukua familia 26 za vijiji vya karibu zenye watoto wanaonyonya, akawa anawatembelea kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila mara, kwa muda wa hadi miezi 9. Mwanzoni alitaka kuchunguza desturi ya Waganda ya kumwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka siku kadhaa kwa bibi yake, ili asahau titi. Unaona? Alichokuja kukitafuta ni kitu kama kile nilichokufanyia. Akakuta desturi yenyewe imeshafifia, ndipo akageukia kuangalia jinsi watoto wanavyomng'ang'ania mlezi wao na kumfanya nguzo: wanatambaa mbali kidogo, wanageuka kumwangalia, wanaendelea.

Mimi nilimsoma huko huko Tabora. Bwenini, usiku, kwa tochi, wewe ukiwa Marangu. Nililia mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akashuka.

Na sababu ya kulia siyo unayoidhani. Ainsworth aliona kwamba akina mama ambao watoto wao walikuwa wametulia nao, ukiwauliza habari za mtoto walikuwa na mengi ya kusema. Vitu vidogo vidogo, bila kuvutwa ulimi. Nikajiuliza: mwanangu sasa anaita maji kwa neno gani? Sikujua.

Nitalirudia hilo. Kwanza niseme kuhusu lile jaribio la simu ulilonionyesha Krismasi, la zile sifa kubwa tano za haiba, likakutoa "neurotisizimu juu", yaani mwepesi wa kuingiwa na wasiwasi, na uchangamfu chini. Ukasema mbele ya shangazi zako, "Mimi ni introvati, mtu mkimya wa ndani, na najua kwa nini." Wote wakaniangalia mimi, na mtori ukapoa mezani.

Mwanangu, hivyo ulivyo ulizaliwa navyo, au karibu navyo. Ulipokuwa na miezi mitatu, mgeni akiingia ulikuwa unamkazia macho, mdomo wa chini unatetemeka, hulii, unangoja. Baada ya nusu saa unamshika kidole. Tabora ilikuwa bado sijaijua hata njia yake. New York kulikuwa na madaktari wawili, mke na mume, Stella Chess na Alexander Thomas, walioanza mwaka 1956 kufuatilia watoto tangu wachanga mpaka wakawa watu wazima. Karibu 40 katika kila 100 waliwaita wepesi, 10 wagumu, 15 wakawa wale wanaochelewa kuzoea, na waliobaki hawakuingia kundi lolote sawasawa. Wewe ni wa wale 15, na ningekutambua hata gizani.

Ila hao hao wanasema hulka peke yake haiharibu mtoto. Kinachomchosha ni hulka yake kutopatana na mwendo wa wanaomlea. Hapo ndipo lilipo kosa langu ninalolijua, na halimo kwenye daftari lako. Siku ya kwanza ya chekechea ulishika geti. Mimi nina kipindi saa mbili, nimechelewa. Nikakubandua vidole kimoja kimoja, kama mtu anayebandua gundi, nikakusukuma ndani nikakimbia. Wiki nzima nilifanya hivyo. Mtoto wa nusu saa nilimpa nusu dakika. Ungeandika "Mimi. Geti." kwa kalamu nyekundu, nisingekuwa na neno.

Piaget, yule wa hatua za akili za mtoto, umemwandika vizuri, sina ugomvi, ila lile lake la kwamba mtoto mdogo hudhani kitu kimeongezeka kikibadili umbo nimelijaribu. Wiki iliyopita nilimimina maziwa kutoka bilauri fupi kwenda ndefu mbele ya mtoto wa mjomba wako, wa miaka 5. Akasema yameongezeka, akataka yale ya ndefu. Nikamjaribu binti wa jirani anayeuza maziwa, mdogo kuliko yeye kwa miezi miwili. Akaniangalia kama nimerukwa na akili: "Si yale yale, Mwalimu?" Huyo anapima nusu lita na mama yake kila asubuhi. Wako watafiti waliochapisha mwaka 1969 habari za watoto wa wafinyanzi wa Mexico, ambao kwenye swali la udongo uliobadilishwa umbo waliwashinda wenzao wasiofinyanga. Mwambie mhadhiri wako.

Erikson naye, yule aliyeyagawa maisha ya mtu katika hatua nane, nampenda kwa sababu zangu. Hakuwahi kumjua baba yake mzazi, akakua na jina la baba wa kambo, na alipochukua uraia wa Marekani mwaka 1939 akajipa jina jipya, Erikson. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetuandikia kwamba kijana anahangaika na swali la yeye ni nani. Umri wako kabisa. Mimi ameniweka hatua ya saba, ya kulea wanaofuata au kudumaa, na leo jioni sijui niko upande gani.

Basi, Ijumaa nilimpigia Bibi. Nikamuuliza yale niliyoshindwa kujibu Tabora. Nilidhani amesahau, ana miaka 81. Aliongea mpaka vocha ikaisha, nikanunua nyingine. Maji uliyaita "mbua". Magego yalitoka wakati wa kuchuma kahawa, ukawa unatafuna kamba ya mbuzi. Usiku hukulala bila kumshika ndewe ya sikio, la kushoto, la kulia ulilikataa. Na siku niliyorudi moja kwa moja, anasema, nilisimama pale kwenye migomba na begi langu, wewe ukajificha ndani ya kanga yake ukanichungulia. Nililikumbuka hilo kama aibu yangu miaka yote. Yeye anasema ulinichungulia kama nusu saa, halafu ukatoka, ukaja kushika mkanda wa begi.

Nikamwambia aendelee. Akakataa. Anasema mengine ni yako, Pasaka upande Hiace uje Marangu akwambie mwenyewe, na uje na hilo daftari.

Mama yako