Wifi yangu, mtoto si mzembe, ana usingizi

Wifi yangu wa Mkomani, Lamu, salamu nyingi. Hii naiandika nikiwa gati ya Mokowe nasubiri boti ya kuvuka kuja Lamu ijae, na nahodha kama kawaida yake anasema "bado mtu mmoja tu" na sisi tunaona wazi nafasi zilizobaki ni nane, kwa hiyo wakati ninao. Naiandika wazi, si wasap, kwa sababu ile voisi yako ya juzi ya dakika sita mwaka huu nimeshaisikia kwa mama wengine watatu, maneno ni yale yale ni sauti tu zinabadilika. Jina lako silitaji usiogope.

Umesema kijana amekuwa mzembe. Mzito, ukimwita mpaka mara ya tatu ndio aitike, na alama zinashuka tangu aingie gredi 7. Na dawa uliyoiona wewe ni kumwongezea tuisheni ya hesabu Jumamosi jioni.

Sasa nikwambie nilichokiona mimi. Ile siku alipokuja kwangu alisahau daftari la sayansi mezani, na mwalimu ukimwekea daftari mbele yake hawezi kuliacha bila kulifungua. Kurasa za mwanzo mashallah, mwandiko umesimama kama umechapwa. Kufika katikati maneno yanaanza kulala. Kuna ukurasa mmoja ameanza neno, herufi mbili tatu, kisha kalamu imeteremka yenyewe, mstari mrefu mpaka ukingoni mwa karatasi kama njia ya konokono, halafu chini yake sentensi nyingine inaanza kana kwamba hapakutokea kitu. Laini hizo nazijua, darasani kwangu naziona kila wiki. Hapo mtoto alisinzia na kalamu mkononi, na alipoamka akaona haya kuuliza walikuwa wamefika wapi.

Siku ya pili yake nikamuuliza, baba, hebu nipe siku yako yote. Akanihesabia kwa vidole. Anaamka saa kumi na moja kasorobo. Saa kumi na mbili u nusu tuisheni ya asubuhi. Saa mbili shule mpaka saa tisa u nusu. Saa kumi u nusu chuoni, yaani madrasa, mpaka Maghribi. Saa moja u nusu usiku tuisheni nyengine mpaka saa tatu, halafu anarudi kula, halafu homuweki mpaka saa tano na siku nyengine zaidi. Vidole vilimwishia wifi. Huyo usiku kucha anapata usingizi wa saa tano na dakika arubaini na tano tu, na madaktari wanasema mtoto wa miaka 6 mpaka 12 alale saa 9 hadi 12, akifika 13 angalau saa 8 hadi 10. Sasa mtoto analipa deni la usingizi wapi? Analilipa darasani, kwenye kipindi cha sayansi, mbele ya mwalimu anayemwita mzembe.

Punda wa Lamu tu ukimpakia mawe kupita kiasi watu wanakusema njiani, na hospitali yake ipo pale mbele ya bahari tangu 1987. Huyu wetu hana hata mtu wa kumuuliza mgongo unauma wapi.

Najua utasema kwa hiyo nikate chuo? Sijasema hivyo, na usiende ukamwambia kaka yangu kwamba mimi nimesema hivyo. Chuo kibaki. Lakini ustadh ni mtu, anasemeka naye. Nenda umwambie mtoto ana mitihani ya shule wiki fulani, siku mbili hizo umwachie mapema. Wengi wao wanakubali tena kwa furaha, wao wenyewe wanawaona watoto wanavyoinamia msahafu mato mekundu, ila mzazi haji kusema.

Cha kukata ni tuisheni. Na hapa naomba unisamehe kwa sababu pesa za tuisheni nami nimezila. Miaka miwili nilikuwa nafundisha jioni kwenye chumba cha watu, watoto 30 na feni moja, na ukweli ni kwamba nilikuwa narudia yale yale ya asubuhi kwa sauti ya juu zaidi. Waliokuwa wanaelewa asubuhi walielewa, waliokuwa hawaelewi walikuwa wananitazama tu, wamechoka. Niliacha siku mtoto mmoja aliponiuliza "ticha, leo ni jana au ni leo?" na darasa zima likacheka isipokuwa yeye. Alikuwa anauliza kweli.

Ukitaka la sheria, kanuni za 2015 zimeweka masomo ya shule ya kutwa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa u nusu, na ile tuisheni ya likizo imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, faini yake mpaka shilingi 100,000. Sisi walimu tunaijua vizuri, tunapita mbali nayo tu kama mtu anayetudai.

Kama kweli hesabu zinamshinda, basi tafuta mtu mmoja, wiki mara moja, saa moja, akae na yeye peke yake na ile mada iliyomshinda, si mada zote. Binti wa jirani yako aliyemaliza fomu 4 anatosha kabisa, umlipe kidogo. Kabla ya hapo nenda shule. Si siku ya kuitwa, siku ya kuitwa kila mzazi anaongea na mwalimu ana dakika mbili kwa kila mtu. Nenda Jumanne hivi baada ya masomo, bila hasira, umuulize mwalimu wa darasa: anakaa wapi, anakaa na nani, akiulizwa anajibu au anaangalia chini? Ukikuta anakaa nyuma dirishani upepo wa kaskazi unampuliza utajua usingizi mwengine unatoka wapi.

Na omba uonyeshwe alama za kazi zake za darasani. Hili wazazi wengi hamulijui, mnadhani mpaka gredi 9 hakuna kitu. Ule mtihani wa KJSEA wa kumaliza gredi 9, ambao watoto wa kwanza waliufanya 2025, ni asilimia 60 tu ya alama zake za mwisho, 20 zinatoka KPSEA, ule mtihani wa gredi 6 ambao ameshaufanya, na 20 zilizobaki ni hizi kazi za gredi 7 na 8, yaani hizi hizi anazosinzia juu yake sasa hivi. Kwa hiyo usingizi wake una alama ndani, usiuone mdogo.

Nawasema walimu wenzangu pia maana nao watasoma. Jamani hii ya kumtuma mtoto akaprinti picha za rangi tuiache. Wifi yangu huyu alikwenda saiba saa mbili usiku na buibui la haraka haraka akapanga foleni kwa picha ya mnazi. Mnazi! Mtoto anaishi chini yake. Mwambie alete kuti, kifuu, makumbi, kamba, aeleze kila kimoja kinafanya kazi gani, hiyo ndiyo asesimenti.

Chai ya asubuhi pia iangalie, hili dogo. Ameniambia wakati wa kutoka alfajiri hawezi kula, anakuja kula viazi karai saa nne akipata pesa. Ukikata ile ya saa kumi na mbili u nusu atapata nafasi ya mahamri yake akiwa amekaa, na wewe utapata kumtazama uso kabla hajatoka.

Haya nahodha amepata watu wake. Jioni nitapita kwenu, na huyo mwalimu wa Jumamosi kama umeshamlipa mwambie akurudishie, akikataa niachie mimi niongee naye. Daftari la sayansi ninalo, asinunue jengine, kurasa safi bado zimo nyingi.

Shangazi yake