Chaneli tatu zilitosha

Mhariri,

Wanaodai kuwa televisheni ya zamani ya Uingereza ilichosha kwa sababu ilikuwa na chaneli tatu tu, BBC1, BBC2 na ITV, waitazame ratiba ya Jumamosi ya miaka ya 1970. Asubuhi mhadhiri wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza anafundisha hisabati. Mchana Grandstand, kipindi cha michezo cha BBC, inaruka kutoka mbio za farasi hadi raga. Saa kumi jioni ITV inaleta mieleka, na vikongwe ukumbini wanamzomea mwanamieleka mkorofi (mimi hapo ndipo ningebaki!). Kisha matokeo ya soka, tamthilia ya kubuni ya kisayansi Doctor Who, habari, vichekesho, na usiku kipindi cha soka Match of the Day.

Uchache ndio ulioleta mchanganyiko huo: chaneli moja ililazimika kumridhisha mwanafunzi, bibi na shabiki wa mpira siku ileile. Chaneli ya nne ilikuja Novemba 1982 tu.

Ninachoilaumu BBC ni kufuta kanda za vipindi vyake ili zitumike tena kurekodia vingine. Vipindi vingi vya Doctor Who vya miaka ya 1960 viliangamia hivyo, na baadhi vimepatikana kwa watu binafsi waliohifadhi nakala.

Msomaji wenu,
London