Bakari, niulizie maganda ya korosho

Tanga, Jumapili usiku

Kaka Bakari,

Asalaam aleikum. Habari za Mtwara, shemeji hajambo, watoto je? Huku wazima, ukiacha goti la Mzee Kombo, na hilo unalijua. Najua una neno juu ya ukimya wangu. Miezi saba! Usiniweke moyoni, ndugu yangu, siku hizi mwenzio ni mwanafunzi. Haya, cheka kwanza umalize.

Ni ile shahada ya uzamili niliyokudokezea msibani kwa Sefu, ya uongozi katika maendeleo endelevu. Chuo Kikuu cha Cambridge, miaka miwili, na kazi huachi: unakwenda kwao kwa vipindi vifupi vya darasani, mengine unasomea nyumbani. Nyumbani maana yake saa kumi alfajiri, kabla basi la zamu halijapiga honi. Mkopo wa Saccos nimechukua. Mama Zuhura haulizi tena ni kiasi gani, nami simkumbushi. Jengo lao lilikuwa kituo cha simu cha miaka ya 1930, wakalikarabati badala ya kulibomoa. Na sisi tukapanda ndege kutoka pande zote za dunia kwenda kukaa humo tujadili hewa ukaa. Nilipolitamka hilo, walicheka wachache.

Sasa shida yangu. Tasnifu nimeielekeza kwenye tanuri letu la saruji. Wazo langu lilikuwa tupunguze makaa ya mawe, tuchome maganda ya korosho. Yana mafuta, yanawaka kama yana hasira. Nikasimama mbele ya wenzangu na michoro yangu, kifua mbele. Dada mmoja wa benki, ambaye tanuri hajaliona hata kwa mbali, akauliza: "Na jiwe lenyewe?"

Bakari, mimi na miaka kumi na sita kiwandani! Wewe na mimi tunajua kwamba jiwe la chokaa likiungua hadi kuwa klinka, yale madonge tunayosaga kuwa saruji, kama asilimia 60 ya ile hewa inatoka ndani ya jiwe, si kwenye moto. Hata tukichoma udi, jiwe litatoa yake. Nikakaa chini.

Jibu nilikuwa nalo mfukoni, ndilo linaloniuma. Punguza klinka, ongeza pozolana, yaani kama majivu ya volkano. Hayo nchi hii hayajaadimika. Lakini nenda kamwambie fundi anayetaka tofali lishike kesho asubuhi kwamba saruji hii hukawia kidogo kupata nguvu zake. Au kamwambie yule bwana wetu wa uzalishaji, unamjua, anayehesabu tani na hasikii kingine. Darasani wanasema uongozi si cheo. Cheo kweli sina, na huo uongozi bado nautafuta. Wiki iliyopita niliandika barua ya kuacha masomo. Ipo kwenye droo, chini ya... basi, tuyaache.

Ila korosho siiachi, hata kama ni ya ile asilimia 40 iliyobaki. Na hapo ndipo ninapokuhitaji. Nimejaza kurasa kumi na mbili kuhusu maganda, halafu juzi kwenye basi ndiyo nakumbuka: korosho yetu nyingi inauzwa ghafi, inakwenda India na Vietnam na ganda lake! Nimeandika juu ya kuni zilizokwisha panda meli.

Kwa hiyo nipitie kwa wabanguaji wa huko, wakubwa na wale akina mama wa vikundi. Maganda wanayapeleka wapi? Wanayatupa, wanachomea wenyewe, au kuna mtu anayanunua? Kwa kilo au kwa lori? Msimu ukiisha yanapatikana bado? Yale mafuta yake yanayobabua mikono, hayali vyuma vya jiko? Uliza kama unataka kununua, ukisema ni utafiti watakupa bei ya mzungu.

Na wewe je, lile shamba umelipata? Salma amefaulu? Utakuja Idi, au ni zile ahadi zako? Nikikutumia ile barua ya kwenye droo utaisoma mpaka mwisho, au utanichania tu kama ulivyonichania ile ya mwaka tuliokosana na meneja?

Nijibu kabla ya tarehe 20, nina simu na msimamizi wangu.

Nduguyo,
Hatibu