Mjomba anatengeneza makasha mapya, nami nimeyauza kama ya kale

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nina duka dogo hapa Dar es Salaam. Nauza vyungu vya kufinyangwa kwa mkono na samani za zamani zilizokarabatiwa. Huu ni mwaka wa sita tangu nifungue. Nakuandikia usiku, duka likiwa limefungwa, kwa sababu mchana siwezi hata kulifikiria jambo hili mteja akiwa amesimama mbele yangu.

Vyungu havinisumbui. Vingi vinatoka kwa akina mama wa Kikisi, kule Ziwa Nyasa, wilaya ya Kyela. Wanafinyanga bila gurudumu, kwa mikono na jicho tu, wanachoma kwa moto wa wazi, kisha vyungu vinapakiwa kwenye mitumbwi hadi soko la Lyulilo, karibu na Matema. Dada anayeninunulia huko anavifungasha kwa majani makavu ya migomba na kuvipandisha basi. Katika kila vyungu ishirini, viwili au vitatu vinafika vimepasuka, na hiyo hasara ni yangu. Vinavyofika vizima navifungia kikaratasi chenye jina la mama aliyekifinyanga na kijiji chake. Mteja akiuliza mbona upande mmoja una weusi, namweleza kwamba moto uliulamba zaidi upande ule. Akiuliza kama kinafaa kupikia, namwambia akiloweke usiku kucha, aanze na uji mwepesi kwa moto mdogo, asikitie maji baridi kikiwa cha moto. Najua ninachokisema, na napenda kukisema.

Samani ni kazi ya mjomba wangu, kaka wa mama. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na mjomba ndiye aliyenichukua, akanisomesha kwa pesa ya randa na patasi. Karakana yake ndiyo niliyokulia. Nilijifunza kupiga msasa kabla sijajua kupika wali. Kwa hiyo nilipofungua duka, hatukuandikishana chochote: yeye anatafuta na kukarabati, mimi nauza, tunagawana nusu kwa nusu. Meza, viti vya kusuka kwa henzirani, vitanda vya samadari mara chache, na zaidi ya vyote makasha. Unayajua, Shangazi, yale masanduku makubwa yenye misumari ya shaba na droo tatu chini, ambayo bibi zetu wa pwani waliwekea kanga na dhahabu. Watu huyaita ya Zanzibar, ingawa mengi ya zamani yalikuja kwa majahazi kutoka India. Kasha moja la kale naliuza shilingi 1,800,000.

Mwezi wa nne, masika yakiwa yamepamba moto, kasha lililokuwa dukani lilianza kukwama droo ya kati. Mjomba aliniambia limetoka Unguja, kwenye nyumba ya mfanyabiashara wa zamani, na ni la zama za Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Barghash alifariki mwaka 1888, kwa hiyo nilikuwa namwambia kila mteja kwamba mbao ile ina zaidi ya miaka 130. Sikutaka kumsumbua mjomba kwa jambo dogo, goti lake linamuuma. Nikaichomoa droo mwenyewe, nikaigeuza, nikaibana kwa jiliwa la meza na kupitisha randa ubavuni, mara moja tu.

Utepe ulioinuka ulikuwa kahawia upande mmoja na manjano upande wa pili. Chini ya ile rangi ya uzee iliyonifanya nilipende kasha lile, mbao ilikuwa changa kabisa, inang'aa, inanukia mafuta ya msaji kama imetoka kupasuliwa. Nikaangalia kichwa cha ubao: miviringo imeachana sana, kama msaji wa kupandwa, ule wa mashamba ya Longuza au Mtibwa, uliokua haraka. Nikawasha tochi ya simu nikatazama matundu ya dumuzi, mdudu anayekula mbao. Nikachukua sindano ya kushonea magunia na kuiingiza tundu moja baada ya jingine. Yote yamenyooka. Yote yanaishia kina kilekile. Dumuzi hatoboi hivyo, Shangazi. Dumuzi anapinda, anatangatanga ndani ya mbao, na unga wake unabaki. Hayo matundu yalitobolewa kwa msumari. Mwisho nikang'oa kipande kimoja cha shaba cha pembeni, na chini yake nikakuta skrubu ya kichwa cha nyota, aina ambayo haikuwapo duniani Barghash alipokuwa hai.

Nilikaa sakafuni nikalia. Ndipo mengine yote yalipojipanga kichwani. Kumbe ndiyo maana droo zake huwa zinanukia udi na karafuu hata kabla hazijafika dukani. Kumbe ndiyo maana ndoo ya pamanganeti, ile dawa ya zambarau inayogeuza mbao mpya kuwa kahawia kama ya zamani, haikosekani karakana, nami nikidhani ni ya kuoshea vidonda vya mafundi. Na ndiyo maana mteja mmoja Mjerumani alipouliza kama atahitaji kibali cha mambo ya kale ili asafirishe kasha lake, mjomba alikataa kata kata tusiende ofisini kuuliza. Aliniambia tutapotezewa muda. Leo naelewa kwamba hakutaka mtu anayejua alitazame.

Nilimwendea siku ya pili. Sikumfokea, sijawahi kumfokea maishani. Nilimwekea ile skrubu kiganjani. Aliitazama muda mrefu, akavua miwani, akaniambia: "Mwanangu, ya kale yamekwisha. Waliobaki nayo wamejua bei. Ungekula nini?"

Kisha akaniambia jambo ambalo mpaka leo linanizungusha. Kasha lile alilitengeneza mwenyewe, kwa mkono, wiki tatu nzima, pembe zote zimeunganishwa kwa meno bila gundi ya haraka, misumari ya shaba kaipiga mmoja mmoja kwa kufuata michoro aliyoirithi kwa fundi wake. Akilipeleka sokoni kama kasha jipya la fundi wa Dar es Salaam, watu wanamtajia laki sita na bado wanaomba wapunguziwe. Akisema limetoka Unguja, wanatoa milioni moja na laki nane bila kuuliza mara mbili. "Kazi ni ileile," aliniambia. "Mikono ni ileile."

Na ni kweli kazi ni nzuri. Nimeshakarabati naye makasha ya kale ya kweli, nimeona mengine yaliyofanywa ovyo kuliko hili lake. Ndicho kinachoniumiza zaidi ya udanganyifu wenyewe. Mjomba ana miaka 67, ni fundi wa kupigiwa mfano, na kazi yake bora kuliko zote amewapa watu waliokufa. Hakuna kasha hata moja lenye jina lake.

Lakini waliodanganywa wapo, na aliyewadanganya kwa mdomo ni mimi. Katika miezi 14 nimeuza makasha matano. Moja nina hakika ni la kale, nilikuwepo lilipotolewa stoo ya watu likiwa na vumbi na mayai ya mende. Manne ni yake, mwenyewe kakiri. Hiyo ni shilingi 7,200,000, na kwenye kila risiti nimeandika "kasha la kale". Akiba yangu yote ni 2,100,000, na hiyo ni kodi ya duka ya miezi sita ambayo mwenye nyumba anaisubiri mwezi ujao. Nikiitoa, duka linafungwa, na akina mama wa Kyela wanakosa mnunuzi.

Mmoja wa wale wanne ni mwalimu mstaafu. Alinunua kasha kwa pesa ya kiinua mgongo chake, akamzawadia binti yake siku ya sendoff. Huwa anapita dukani kuchukua vyungu, na kila akija ananishika mkono na kuniambia lile kasha linanukia kama chumba cha bibi yake Bagamoyo. Mara ya mwisho alipolisema hilo nilijifanya natafuta chenji nyuma ya kabati mpaka nilipoweza kumtazama.

Mama yangu nimemweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akasema kaka yake alinilea wakati ndugu wa baba waligawana hata vijiko, kwa hiyo funika kombe mwanaharamu apite. Mume wangu anaona tunyooke kuanzia leo, ya nyuma yabaki nyuma, maana wanunuzi wana furaha na vitu vyao na hakuna aliyelalamika. Nimejaribu kulala na ushauri huo. Siwezi. Mwalimu yule hakununua mbao, alinunua miaka 130 ili ampe mwanawe, na miaka hiyo haimo.

Nilichokifanya mpaka sasa ni kidogo. Lile la dukani nimeliondoa mbele, nimelifunika shuka. Kwa mjomba nimependekeza achonge jina lake na mwaka ndani ya mfuniko wa kila kasha, tuliuze kama kazi yake, tuanze na bei ya milioni moja, na nimfungie kikaratasi kama ninavyowafungia akina mama wa Kikisi. Alininyamazia. Wiki mbili sasa hajaleta kitu dukani, na akinipigia simu anaulizia watoto tu.

Shangazi, naomba unisaidie kwa haya. Wale wanunuzi nina namba za watatu. Niwaambie ukweli nikiwa sina pesa ya kuwarudishia yote? Je, ni haki kuwaomba nilipe kidogo kidogo tofauti ya bei, au huko ni kuwaongezea mzigo? Na mjomba nimsemeze vipi tena bila kumvunjia heshima, wakati kila ninachokijua kuhusu mbao nimekitoa kwake? Nikienda kwa wateja bila ridhaa yake nitakuwa nimemuuza. Nikimsubiri akubali, huenda asikubali kamwe.

Nakuomba unijibu mapema kama itawezekana. Jana binti wa mwalimu amenitumia ujumbe kwamba mvua hizi zimefanya droo ya kasha lake ikwame, na mumewe anataka kuipiga randa. Nimemsihi wasiiguse. Nimemuahidi kwamba Jumamosi nitakuja mwenyewe kuitazama, na mama yake, yule mwalimu, atakuwepo.

Mwenye duka,
Dar es Salaam