Timu isiuzwe bila kura ya mji wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) pamoja na Msajili wa Vyama vya Michezo kuhusu timu zetu ndogo za mikoani. Timu ikibeba jina la mahali, wenyeji wa mahali pale wana haki gani juu yake?

Mimi nakoboa mpunga hapa Ubaruku, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya. Wapenzi wa mpira wanaikumbuka Ubaruku kwa jambo moja. Novemba 29, 2022, kwenye uwanja wa Highland Estates, timu yetu ya Ihefu iliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa Yanga wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Oktoba 2023 Yanga wakarudi, wakala 2-1 nyingine palepale. Siku ile ya kwanza mashine zilizimwa mapema, mpunga wa watu ukabaki kwenye maturubai bila wa kuugeuza, na mama ntilie wa jirani na uwanja wakaishiwa wali hata kabla timu hazijapasha. Kuishiwa wali Ubaruku, Mhariri, si jambo dogo.

Katikati ya msimu wa 2023/24 Ihefu ikahamia Singida. Msimu uliofuata ikaitwa Singida Black Stars. Sisemi kuna aliyevunja sheria, wala sina neno na watu wa Singida. Wao wenyewe walikuwa na Singida Fountain Gate, ambayo sasa ni Fountain Gate tu na maskani yake yakawa Babati. Tabora nao walipata timu ya Ligi Kuu mwaka 2023 kwa sababu Kitayosce ya Kilimanjaro iligeuzwa kuwa Tabora United. Mji mmoja ukishangilia kupata timu, ujue kuna mji mwingine umeamka hauna.

Simba na Yanga, vigogo wa Dar es Salaam, hili haliwagusi. Serikali iliweka wazi kwamba klabu iliyoanzishwa na wanachama ikiingia kwenye mfumo wa hisa, wanachama wabaki na asilimia 51. Ndiyo maana mfanyabiashara Mohammed Dewji alipokubaliwa pale Simba na shilingi bilioni 20 zake, alipewa asilimia 49 na si zaidi. Ila kinga hiyo ni ya klabu zenye wanachama. Timu iliyoandikishwa kwa jina la tajiri mmoja, sisi tunaojaza jukwaa ni wateja tu, kama wateja wa baa.

Uingereza lilitokea jambo la namna hii. Mwaka 2002 Wimbledon, klabu ya London na mabingwa wa Kombe la FA wa mwaka 1988, waliruhusiwa kuhamia Milton Keynes, karibu kilomita 90 kutoka kwao. Mashabiki hawakuishia kulalamika. Waliunda AFC Wimbledon, wakafanya majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi wa mtaani, wakaanzia ligi za chini sana. Mwaka 2011 walikuwa wamerudi kwenye madaraja ya kulipwa. Klabu iko chini ya chama cha mashabiki, kila mwanachama kura moja, awe wakili au muuza samaki. Fedha za kumalizia uwanja zilipopungua, kulikuwa na mazungumzo ya kuuza sehemu ya klabu kwa wawekezaji. Mashabiki wakaamua kuikopesha klabu wao wenyewe, zikapatikana zaidi ya pauni milioni 5, na Novemba 2020 wakacheza tena mtaani kwao, Plough Lane.

Najua nitajibiwa kwamba Ubaruku si London, na timu za wanachama kwetu ni migogoro na njaa. Ni kweli. Tukuyu Stars, majirani zetu, walitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1986 wakiwa ndiyo kwanza wamepanda, kisha wakaporomoka. Mbeya City ya halmashauri ilimaliza ya tatu msimu wake wa kwanza, 2013/14, halafu 2023 ikashuka. Lakini hakuna aliyeamka asubuhi akaambiwa Tukuyu Stars sasa ni ya mkoa mwingine. Timu ikishuka inaweza kupanda tena. Ikishauzwa utapandisha nini?

Wala sidai matajiri wafukuzwe. Watu 1,000 wakichanga shilingi 1,000 kwa mwezi ni milioni moja, na hiyo haitoshi hata safari za mwezi za timu ya Championship, daraja la pili. Aje mwenye fedha, apewe hata hizo asilimia 49, aendeshe timu. Ninachoomba ni kanuni moja: kuanzia First League, yaani daraja la tatu, kwenda juu, timu isibadilishe jina wala mkoa bila kura ya wanachama wenye kadi. Na kila msimu, kabla ratiba haijatoka, TFF itangaze mmiliki wa kila timu, ili mtu anayetoa gunia lake la mchele kambini ajue anamchangia nani.

Sisi huku tunaandaa timu ya ligi ya wilaya. Kifungu cha kura tumekipitisha kwenye rasimu ya katiba bila ubishi. Kilichotukwamisha ni ada. Wakulima wanataka kulipa kwa mpunga, mara moja, wakati wa mavuno. Bodaboda wanataka kulipa kidogo kidogo kila wiki kwa simu, na wanasema mpunga wa ada utakuwa ni ule wenye mawe. Kama kuna msomaji ambaye timu yao imeweza kukusanya ada za namna mbili bila mhazini kugombana na watu, tunaomba aandike hapahapa gazetini.

Msomaji wako,
Mkoboa mpunga,
Ubaruku, Mbarali.