Kipawa changu ni hesabu za ndoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wachungaji, wazee wa kanisa na waumini wenzangu wa Mwanza, hasa sisi tunaoishi kwa mwalo, yaani pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki.

Likitolewa tangazo kanisani kwamba wenye vipawa wajitokeze, wanaosimama ni walewale: wanakwaya, wapiga kinanda, wenye sauti ya kuombea watu. Wengine tunainamisha vichwa. Mimi ni karani wa dagaa hapa Igombe tangu ujana wangu. Mtumbwi ukifika alfajiri nahesabu ndoo zinazoshushwa, naandika, basi. Nikiambiwa niongoze sala mbele ya watu, maneno yananikimbia.

Mwaka jana binti mmoja wa kanisani kwetu alifiwa na mumewe. Aliachiwa watoto wadogo, mtumbwi, injini na taa. Akina mama tulipangiwa zamu za kwenda kumfariji, na zamu yangu ilipokaribia usingizi ulinipaa. Nitamwambia nini? Nikamwomba Mungu kwa ufupi: Bwana, maneno sina, nitumie kwa hiki ninachokijua.

Nilipofika, binti hakuhitaji maneno. Alinipa daftari. "Mama, tangu msiba, kila hesabu ikifungwa naambiwa mtumbwi una deni. Sielewi."

Niwaeleze wasioijua kazi hii. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazifui dafu, kwa hiyo mitumbwi hupumzika na hesabu hufungwa: yanatolewa mafuta, chakula na matengenezo, kinachobaki wanagawana mwenye mtumbwi na wavuvi wake. Nikalipitia daftari lile mstari kwa mstari, kidole kikitangulia. Mafuta yalikuwa yameandikwa kila usiku bila kuruka, hata zile siku mwezi ukiwa mpevu na mitumbwi yetu ikiwa imepandishwa mchangani. Siku hizo daftari langu mimi halina hata ndoo moja.

Tulimwita msimamizi wa mtumbwi ule, mzee mmoja wa kanisa akiwepo. Sikupandisha sauti. Niliyaweka madaftari mawili mezani, tarehe mbele ya tarehe, nikamwomba asome mwenyewe. Alisoma, akanyamaza, akaomba apewe muda. Fedha nyingine amesharudisha, zilizobaki anakatwa kila hesabu ikifungwa. Lakini furaha yangu kubwa ni kumwona binti yule sasa akisimama mwaloni alfajiri, kanga kiunoni, kalamu mkononi, akiandika ndoo zake mwenyewe. Namshukuru Mungu kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Wahubiri hupenda habari za Musa, yule mwenye ulimi mzito, ambaye Mungu alimuuliza ana nini mkononi. Alikuwa na fimbo tu. Mimi moyo wangu uko zaidi kwa Dorkasi wa Yafa, katika Matendo 9. Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowatengenezea. Hatusomi popote kwamba alihubiri, na bado Maandiko yanamwita mwanafunzi.

Wachungaji wetu, mnapouliza vipawa, ulizeni pia nani anajua kushona nyavu, nani fundi injini, nani anaweza kumjazia mwenzake fomu. Pale Bugando wanafika wagonjwa kutoka Ukerewe na Ukara ambao hawajui waanzie dirisha lipi. Muumini anayeifahamu hospitali ile, akimshika mkono bibi mmoja na kumfikisha kwa daktari, amefanya huduma kamili. Mpeni nafasi, mwombeeni mbele ya kanisa kama mnavyowaombea wanakwaya.

Nawe unayejiona huna cha kumtolea Mungu, mwambie kazi unayoijua, hata kama unaiona ndogo, kisha uende unakotumwa. Hofu huenda isiishe. Yangu haijaisha, na bado naenda.

Wajane wa Igombe na Kayenze wenye madaftari wasiyoyaelewa waniulizie mwaloni Igombe. Waje na risiti za mafuta kama wanazo. Siku za mbalamwezi ndizo ninazokuwa na nafasi zaidi.

Karani wa mwalo,
Igombe, Ilemela, Mwanza